Mwalimu wenu bora mpelekeni darasa la kwanza

Ukifika shule yoyote ya msingi ya serikali, usihangaike na kauli mbiu iliyopakwa rangi ukutani. Ingia ofisini, salimia, omba uoneshwe mgawanyo wa vipindi. Ni karatasi moja tu, mara nyingi imebandikwa karibu na kalenda, na ndiyo itakayokwambia shule ile inamjali mtoto gani na imemkatia tamaa yupi.

Katika shule zote nilizofundisha, zote mkoani Dodoma, tangu miaka ya 90 karatasi hiyo haijabadilika. Darasa la saba linapata Hisabati kwa mwalimu hodari kuliko wote, yule ambaye wazazi humtaja mnadani. Kiingereza linafundishwa na kijana mwenye shahada. Linakaa chumba chenye mlango na madawati ya kutosha, lina kambi ya kujiandaa na mtihani, lina jaribio la kila Ijumaa ambalo wazazi wanachangia karatasi. Darasa la kwanza linapewa aliyebaki. Na aliyebaki ni mama anayetarajia likizo ya uzazi mwezi wa tatu, au mzee mwenye sukari anayesubiri kustaafu, au ajira mpya aliyeripoti juzi na begi lake na bado hata nyumba hajapata, au mtu aliyekosana na mwalimu mkuu.

Mimi nilikuwa huyo wa mwisho. Nilihoji michango ya madawati kwenye kikao, mbele ya kamati ya shule, na Januari iliyofuata nikakuta nimetolewa Maarifa ya Jamii darasa la sita nimepelekwa la kwanza, mikondo yote miwili. Wenzangu walinipa pole. Mmoja akanishauri niombe uhamisho haraka kabla sijazoeleka huko. Sikuomba, kwa sababu tulikuwa na shamba la karanga na watoto wangu walikuwa wadogo. Nikasema nitavumilia mwaka mmoja. Ndiko niliko hadi leo, na ninalotaka kusema hapa ni hili: ile adhabu niliyopewa ilipaswa kuwa cheo, na mpaka iwe cheo, mageuzi mengine yote ya elimu tutayasikia redioni tu.

Watu wanadhani kumfundisha mtoto wa miaka sita kusoma ni kuimba. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Watoto wanaitikia kwa sauti moja, ukipita nje unasema hapa kazi inafanyika. Kumbe kuimba kule ndiko kunakotuficha.

Nilikuwa na mtoto mmoja, baba yake fundi baiskeli pale senta, tuliyemhesabu kuwa msomaji wa kwanza darasani. Unampa kitabu, kidole kinatembea chini ya mstari: "Baba analima. Mama anapika. Kaka anacheka." Wageni wakija, tunamsimamisha huyo. Siku moja mvua ilipiga asubuhi, wakafika watoto wachache, nikapata nafasi ya kukaa naye kwenye dawati moja. Nikafunika picha kwa kiganja, akasoma vizuri. Nikafunua ukurasa mwingine, wenye habari ya mbuzi na ndoo ya maji, nikafunika tena picha. Kidole kikaanza kutembea: "Baba analima. Mama anapika." Mdomo ukamaliza habari yote wakati kidole bado kiko katikati ya mstari wa kwanza.

Nikachukua chaki nikaandika "mu". Akanyamaza. Nikamwambia usiogope, sema tu. Akaangalia chini, nikasikia ananong'ona huku anakunja vidole kimoja kimoja: ma, me, mi, mo... mu! Alikuwa hawezi kuifikia "mu" mpaka aanze wimbo tangu mwanzo. Herufi hazijui. Wimbo anaujua vizuri sana, na wimbo huo ungemfikisha darasa la tatu bila mtu kushtuka.

Dawa yake haikuwa ya ajabu. Nilikata boksi la biskuti vipande, kila kipande nikaandika herufi moja, nikaanza na m, a, k, u. Tukatamka sauti ya herufi yenyewe, wala si jina lake, kisha tukaunganisha, kisha tukavuruga mpangilio makusudi ili wimbo usipate pa kushika: ku, ma, ka, mu. Kuku. Mama. Kaka. Makuku, akacheka mwenyewe kwa kuwa aliona limekosewa, na hapo nikajua sasa anasoma, maana mtu anayekariri hawezi kulicheka kosa. Kiswahili kina huruma katika hili. Kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishapata sauti na akajua kuziunganisha, mlango uko wazi, zinabaki kona chache za kumsumbua kama ng' na ng, au ile m ya "mtu" inayosimama peke yake. Kwa watoto wangu wengi, wanaoongea Kigogo nyumbani na Kiswahili wanakutana nacho kwangu, ipo pia kalamu inayochanganywa na karamu. Hiyo huirekebishi kwa kalamu nyekundu. Unairekebisha kwa mdomo kwanza, mtoto asikie tofauti, ndipo umwoneshe herufi.

Mtoto yule alihitaji dakika kumi kila asubuhi kabla ya kupanga mstari, kwa wiki kadhaa. Dakika kumi peke yake na mwalimu. Sasa tupige hesabu. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwaka 2016 mkondo wangu mmoja ulikuwa na watoto 112. Nikiingia na kuanza kazi bila hata kuitikia shikamoo, kila mtoto anapata sekunde 16. Serikali yenyewe imeweka watoto 45 kwa darasa la msingi, na hata hao 45 wangepata sekunde 40 kila mmoja. Kwa sekunde 16 huwezi kumgundua mtoto anayenong'ona ma, me, mi, mo.

Nisieleweke vibaya. Mwaka ule wa 2016, ulipoanza kutekelezwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 na ada na michango ikafutwa, nilifurahi kuliko wengi. Walinijia watoto wa miaka tisa na kumi waliokuwa machungani, wakakaa sakafuni bega kwa bega na wa miaka sita. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayetaka warudishwe porini. Lakini ruzuku iliyowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo za kushuka shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa chaki, karatasi, mitihani na kufuli la stoo. Watoto waliongezeka mara moja. Walimu hawakuongezeka. Na wale wachache waliokuwepo, mgawanyo ukawarudisha kule kule, juu.

Tunajua matokeo yake kwa sababu tuliwahi kuyaona kabla. Mwaka 2012 serikali ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Walikuwa wamefaulu darasa la saba! Mtihani kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kuchagua jibu, unaweza kubahatisha. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo huo yalipotoka mapema 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, nchi ikawaka, tume ikaundwa, ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Maswali mengi yaliyoulizwa wakati ule yaliwahusu walimu wa sekondari. Mimi nilikaa kimya nikifikiria watoto wale walikuwa wapi mwaka 2002, na nani alikuwa mwalimu wao.

Mwalimu mkuu wa kawaida si mtu mbaya. Wako niliowapenda. Tatizo ni kwamba ufaulu wa darasa la saba ukishuka, anaitwa wilayani na kuandikiwa barua ya kujieleza. Ni kweli Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na uamuzi ule niliupigia makofi, lakini kikaoni wilayani kata bado zinasomwa kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, na afisa elimu kata wa mwisho hanywi chai yake vizuri. Darasa la pili nalo lina upimaji wake wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Sijawahi kusikia mtu ameitwa popote kujieleza kwa sababu ya darasa la pili. Ungekuwa wewe ndiye mwalimu mkuu, na una walimu wanane, mmoja tu kati yao ni moto wa kuotea mbali, ungempeleka wapi? Ungempeleka kwenye barua.

Mafunzo tumepewa, nisiseme uongo. Mtaala wa KKK ulipoanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, asilimia 80 ya muda ikawekwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, nasi tukaitwa kwenye mafunzo. Nilikuwa nimeshafundisha zaidi ya miaka ishirini, na ile ndiyo mara ya kwanza mtu alinionesha hatua kwa hatua jinsi mtoto anavyotoka kwenye sauti kwenda kwenye neno. Chuoni nilifundishwa kuandika andalio la somo. Andalio langu lilikuwa zuri sana, lina safu zote, na watoto walikuwa hawasomi. Basi nikarudi kijijini na moto mpya. Wenzangu wengi niliokaa nao kwenye mafunzo yale, baada ya muda mfupi nikasikia huyu kapandishwa darasa la tano, huyu kawa mwalimu wa taaluma, huyu kahamia mjini kumfuata mume. Pesa ya umma ilimfundisha mtu kufundisha kusoma, kisha tukampa Sayansi ya la sita.

Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, tunakaa walimu wa shule moja tunajadili mada ngumu. Wazo ni zuri, na mkiwa na kiongozi anayejua, mnatoka na kitu. Ila vipindi vingine viko mtandaoni na bando ni la mwalimu mwenyewe, na mtandao wenyewe unaupata ukisimama karibu na tenki la maji.

Na viboko? Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa kwa maandishi, viandikwe kwenye kitabu. Nimeona darasa la kwanza mwalimu anaingia na fimbo kabla ya chaki. Mtoto anayeogopa hanong'oni ma, me, mi, mo akasikika. Anafunga mdomo, na mwalimu hajui kitu. Mengine ya viboko nitayaandika siku nyingine, ninajua mtanitukana.

Kuna kitu kimoja tulikijaribu. Mwalimu mkuu mmoja, mpole, alikubali ombi langu: mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba aje anisaidie kuhesabu darasa la kwanza, vipindi vitatu kwa wiki, muhula mmoja. Kijana hodari, la saba wanamwita "Profesa". Siku ya kwanza alitoka na shati limelowa. Alikuwa ameandika 5 + 3 ubaoni, akaeleza, akauliza swali, na mtoto mmoja akamjibu kwamba mbuzi wao amezaa. "Mwalimu, hawa wananimaliza," akaniambia. Nikampa mfuko wangu wa vizibo vya soda. Nikamwonesha: usiandike tano mpaka watoto wameshika tano, wamezipanga, wamezivuruga, wamezihesabu tena na kukuta bado ni tano. Wiki ya tatu akanifuata ofisini. Alikuwa amegundua kwamba nusu ya darasa wakishahesabu vizibo vitano na vitatu, ukiwauliza jumla wanaanza moja tena. Hawaamini kwamba tano bado iko pale. "Hii ndiyo inayoniua la saba," akasema. "Wale wakubwa bado wanahesabu vidole chini ya dawati. Nilidhani ni uvivu."

Hakuna semina ingemfundisha lile. Muhula ulipoisha alirudi la saba, maana mtihani unakuja, lakini kila Jumatano aliendelea kuja kwangu saa tatu. Watoto wale walipofika la nne, mwalimu wao aliniambia ni mara ya kwanza hajaanza mwaka kwa kurudia kujumlisha.

Majirani zetu Kenya walipoanza mpango wao wa Tusome mwaka 2015 hawakuanzia darasa la nane. Walianza na la kwanza na la pili: kila mtoto kitabu chake mkononi, mwalimu ana mwongozo wa kila siku, na afisa wa eneo anaingia darasani na kishikwambi kusikiliza watoto wakisoma. Hapo pa mwisho ndipo ninapopaonea wivu. Kwetu anayekuja kukagua huuliza kwanza azimio la kazi liko wapi, andalio liko wapi, kama daftari la mahudhurio limejazwa. Yote halali. Ila ningependa siku moja mtu kutoka wilayani aingie darasani kwangu, achague watoto watano yeye mwenyewe, si wale ninaowasimamisha mimi, afunike picha kwa kiganja, asikilize. Robo saa haifiki. Na akitoka, aandike ripoti juu ya hilo, na ripoti hiyo ndiyo imfikie mwalimu mkuu kwa barua.

Najua jibu la haraka: walimu ni wachache, subirini ajira. Ajira zije, tunazisubiri, mimi mwenyewe nachoka. Lakini hata tukiwa wanane, kumtoa mmoja juu kumleta chini hakuhitaji bajeti wala kibali cha TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule zetu. Kinachohitaji pesa ni kidogo: posho ya mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, hata ndogo, ili mtu akipangiwa huko jamaa zake wampongeze. Na kanuni moja, kwamba aliyepata mafunzo ya KKK asihamishwe madarasa hayo kwa miaka mitatu ila kwa ombi lake.

Tukitaka jambo, tunaliweza. Mwaka 2021, zilipokuja fedha za UVIKO, madarasa 15,000 yalijengwa kwa miezi michache, 12,000 yakiwa ya sekondari, na kila kata iliona. Sasa mazungumzo yote vikaoni ni mwaka 2027, ambapo darasa la sita wa mtaala mpya na la saba wa ule wa zamani watamaliza pamoja, na 2028 wote watagonga mlango wa kidato cha kwanza. Tumeulizwa idadi ya vyumba, idadi ya viti, idadi ya matundu ya vyoo. Watoto hao nimewafundisha mimi baadhi yao. Hakuna aliyeniuliza wangapi kati yao wanasoma. Ninayo idadi, iko kwenye daftari langu, jina kwa jina.

Na wazazi wenzangu, hasa nyie mnaolipa tuisheni darasa la saba: ile pesa mmechelewa nayo miaka sita. Mtama unapokomaa, mnawatoa watoto wa la kwanza wakafukuze ndege shambani mnasema huyu bado mdogo hapotezi kitu. Wa la saba hamumgusi. Nanyi mna mgawanyo wenu wa vipindi.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu wetu mpya aliniita. Amefurahishwa na kazi yangu, amesikia sifa zangu, na kwa sababu hiyo Januari anataka kunipandisha darasa la saba, Kiswahili. Alitegemea nishukuru. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili kukataa, nimeambatanisha majina ya watoto wote wa mkondo wangu, mbele ya kila jina nimeandika mtoto anasoma mpaka wapi na anakwamia sauti gani, na chini nimeuliza nani atapokea orodha hiyo. Jana kanijibu kwamba ameipeleka kwa mwalimu wa taaluma aifanyie kazi. Mwalimu wa taaluma anafundisha la saba.